Mkono wa Kuandika Mlango

Asubuhi ile, nyumba nzima bado inakoroma, Kimya alikuwa amesimama juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa, brashi mkononi, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo, anapaka rangi nyeupe ya mafuta kwenye ubao wa juu wa mlango wao. Alipaka kama mtu aliyefundishwa, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia kaa hapa nikuonyeshe. Kwanza brashi imeshiba rangi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha brashi karibu kavu, inarudi taratibu kufuta mistari. Alipomaliza, ubao uling'aa mpaka taa ya uani ikajiona humo ndani.

Akashuka. Akaosha brashi kwa mafuta ya taa, akarudisha kila kitu karakanani kwa baba, akaingia kitandani na soksi zake, akajifanya amelala.

Kimya halikuwa jina la ubatizo la binti huyu. Alipewa na baba yake akiwa na miaka minne, siku mgeni mmoja alipomwuliza unaitwa nani, na yeye akaingia chini ya meza akakaa huko mpaka mgeni akaaga. Sasa yuko sekondari na meza haimtoshi tena, lakini tabia ni ile ile. Darasani akijua jibu anaangalia viatu. Kanisani anaimba kwa midomo tu, sauti anaibakiza nyumbani. Kwa hiyo alipokuwa na jambo kubwa la kusema, na wiki ile alikuwa nalo, hakulisema. Alilipaka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: alitaka kuandika mlango.

Kila mwaka, Jumapili ya Tokeo la Bwana, siku ya kuwakumbuka mamajusi waliofuata nyota mpaka kwa mtoto, padri anabariki chaki kanisani. Kila familia inarudi na kipande chake na kuandika juu ya mlango wa nyumba: tarakimu mbili za mwanzo za mwaka, herufi tatu, tarakimu mbili za mwisho, na misalaba minne katikati yake. Mwaka ule ilikuwa iandikwe 20 + C + M + B + 26. Wapo wanaosema herufi zile ni majina ya mamajusi, wapo wanaosema ni ombi la Kilatini, Kristo aibariki nyumba hii. Baba yake Kimya hakugombana na upande wowote. "Majina au ombi," alikuwa akisema, "yote yanapita mlango huu huu."

Na pale uani, kwenye nyumba sita zilizotazamana kama watu wanaocheza karata, hakuna aliyejiandikia. Wote walimngoja baba. Watu walimwita Fundi Maandishi, na ukitembea mtaa mzima unasoma mkono wake: duka la viatu, shule ya chekechea, geti la karakana ya magari, mpaka lile onyo la usikojoe hapa, ambalo aliliandika kwa herufi nzuri hivi kwamba watu walisimama kulisoma, na wakishasimama, basi tena. Mwenyewe alicheka mpaka machozi.

Ila miezi miwili kabla ya Jumapili ile, ngazi ilimteleza akiandika jina la duka la dawa. Akaangukia mkono wa kulia. Plasta ilishatolewa, lakini vidole vilirudi vikiwa si vyake. Vinatetemeka. Kikombe anashika kwa kushoto, shati anafungwa vifungo na mke wake, na brashi zake zimekaa kwenye kopo, zimesimama wima kama watu wanaosubiri basi lisilokuja.

Kaka yake Kimya alisikia. Huyo kaka alikuwa ameondoka nyumbani mwaka mmoja na nusu nyuma, akaenda kufanya kazi kwenye duka la kuchapisha mabango kwa mashine. Siku ya kuondoka baba alimwambia kazi yake hiyo ni kubandika watu plasta. Kaka akajibu kwamba ya baba ni kuchorachora. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mama. Basi wiki ile ikafika bahasha ngumu, na ndani yake stika ya dhahabu, imekatwa kwa mashine, herufi na misalaba yote ipo. Tarakimu za mwaka alikata za akiba mpaka thelathini na tano. Na karatasi: "Baba asipande tena ngazi. Bandikeni hii, mambo kwisha."

Mama aliiweka kabatini kama hati ya kiwanja.

Kwenye chai, asubuhi ile ile ya Jumapili, mambo yakaanza kwenda mrama. Baba alitoka kunawa uso, akarudi na taulo shingoni, akakaa. Alikuwa ameuona ubao. Akamtupia mama jicho, akanywa chai kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mama naye akatoka kumwaga maji, akarudi, naye ameuona.

"Kuna watu wazima wanapanda vitu na mkono mmoja," mama akaiambia sufuria.

"Kuna watu wameshatengeneza pa kubandikia," baba akakiambia kikombe.

Kimya alikuwa katikati, mkate mdomoni, akaelewa yote mara moja. Baba anadhani mama ndiye aliyepaka, kuisafishia stika njia. Mama anadhani baba amepanda alfajiri na mkono wake mbovu. Angeweza kuumaliza ugomvi kwa maneno mawili. Maneno yakapanda mpaka kooni, yakakuta mkate, yakarudi.

"Lakini baba watoto," mama akasema mwishowe, "kosa la stika ni nini? Maandishi ni yale yale. Mtoto wako amekata vizuri, dhahabu tupu. Itakaa miaka kumi."

"Ndiyo kosa lenyewe. Miaka kumi."

"Sasa kitu kudumu nacho kimekuwa dhambi?"

"Mwaka jana niliandika. Mpaka Desemba kilibaki nini? Nusu ya B na msalaba mmoja. Vingine vimekwenda na mvua, na ufagio wako, na vichwa vya watu siku ile tunaingiza kabati. Maana yake watu wamepita, nyumba imeishi. Halafu unakuja tena na chaki, unaomba upya. Stika haichakai, kwa hiyo haikuulizi kitu. Unabandika, unasahau."

"Haya, padri."

"Na chaki ni nini? Vumbi lililoshikana. Na sisi je? Mungu amekubali kuandikwa kwa vumbi juu ya mlango wa watu wa vumbi. Ndiyo Krismasi yenyewe hiyo, imeletwa mpaka nyumbani. Unataka niibadilishe kwa plastiki?"

"Nataka usivunje mkono wa pili. Hicho tu."

Baba akaweka kikombe chini. "Mlango utaandikwa na mkono wa nyumba hii," akasema, "au utabaki mtupu."

"Mkono upi?" mama akauliza, na papo hapo ikaonekana angelipa chochote kulirudisha swali lile mdomoni.

Hakuna aliyemwangalia Kimya. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, mmoja umeushika mwenzake.

Wangejua. Tangu siku baba aliporudi kutoka hospitali, kila akitoka shule alikuwa anaingia karakanani kwa kisingizio cha kufagia, anageuza mabango ya zamani, anaandika kwa chaki upande wa nyuma. C za baba yake zina tumbo mbele na mdomo unaotaka kusema kitu. M zake zimepanua miguu kama mlinzi wa benki. Mbili zake zina shingo ya bata. Kimya aliandika C mpaka bango likawa jeupe, akafuta kwa kitambaa chenye maji, akaanza tena. Wiki ya kwanza zilikuwa C za mtu anayeiga. Wiki ya tano, siku moja, aliandika moja akarudi nyuma hatua tatu, na kwa sekunde nzima akadhani baba ndiye aliyeiandika.

Na mtoto wa fundi maandishi anajua kitu kimoja: kabla ya herufi ni ubao. Ubao safi, uliopakwa, unaong'aa. Ndiyo maana alfajiri ile alipanda kwenye ndoo.

Kanisani padri alibariki chaki zikiwa kwenye sinia. Baba alinyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, akaurudisha, akanyoosha wa kushoto. Watu wa benchi la nyuma waliona. Kimya aliwaona wakiona, akatamani awageuze vichwa vyao mmoja mmoja vitazame mbele.

Saa kumi jioni uani palijaa. Walikuja wote wa nyumba sita, na wa mbele kabisa ni wawili wasiokosa jambo: Mama Pacha, ambaye mapacha wake walishaoa na bado jina limemganda, na Kinyozi wa nyumba ya kona.

"Fundi," Kinyozi akasema, "mwaka huu tunaandikiwa kwa mguu nini? Kama mambo magumu nilete mashine, nikunyolee herufi ukutani."

"Wewe ulimnyoa shemeji yangu akaenda harusini na kofia," Mama Pacha akamwambia. "Tulia hapo."

Mama akasoma habari ya mamajusi. Alisoma polepole, na alipofika pale wanapoingia nyumbani na kumkuta mtoto na mama yake, baba akainua kidole, kama afanyavyo kila mwaka. "Mmesikia? Nyumbani. Safari yote ile, nyota yote ile, wakaishia kwenye mlango wa watu wa kawaida. Ndiyo maana hatuandiki ukutani wala dirishani." Kisha akachukua chaki kwa mkono wa kushoto na kwenda kwenye stuli.

Mama akasimama mbele yake, amefunga kitabu kwenye kidole.

"Hupandi."

"Nashika fremu kwa kiwiko, naandika kwa huu."

"Hupandi, baba watoto. Nitapiga kelele hapa mtaa mzima uje."

Kila mtu uani akapata kitu cha kuangalia pembeni. Baba alisimama na chaki yake. Mtu ambaye mtaa mzima unasoma mkono wake, amesimama kama aliyesahau alichotumwa. Mama naye akageuka, akaingia ndani, na Kimya akajua anafuata bahasha.

"Mimi," Kimya akasema.

Hakuna aliyesikia.

"Mimi ndiye niliyepaka ubao." Sasa walisikia, hata Kinyozi akageuka. Kimya aliangalia viatu, akaviacha, akamwangalia baba yake. "Na naweza kuandika."

Baba alimtazama kama anavyotazama ukuta mpya kabla hajakubali kazi.

"Tangu lini?"

"Tangu urudi hospitali. Nyuma ya mabango."

"Nilijiuliza mbona chaki zinaisha," baba akasema. "Nikasema ni panya." Akampa ile ya mkononi. "Panda, mama."

Akapanda. Juu ya stuli dunia nyingine: unaona vipara vya watu, unaona paa la jiko, unasikia masikio yako mwenyewe yakiwaka. Akaweka chaki pale pa kuanzia na kuivuta shingo ya bata ya ile mbili.

Ikateleza. Ikaacha alama ya kijivu, nyembamba, kama alikopita konokono. Akarudia, akakaza mkono. Chaki ikalia kwii, ikakatika, kipande kikamwangukia Mama Pacha kifuani.

"Imekataa?" Mama Pacha akauliza, bila ubaya wowote, na hilo likauma zaidi.

Kimya akaelewa kabla baba hajasema. Rangi ya mafuta inayong'aa! Hakuna mtu duniani anayeandika kwa chaki juu ya kioo. Mtoto wa mshonaji, mtoto wa dereva, mtoto wa mtu yeyote angeuacha ubao ulivyokuwa, mkavu, mbaya, umekwaruzika, na chaki ingeshika. Ni yeye tu, kwa ufundi wake wa kuchungulia, aliyeamka alfajiri kuuharibu kwa kuutengeneza.

"Chaki inataka kitu chenye meno," baba akasema kwa sauti ya chini. "Hapo umeitandikia stika kitanda, mwanangu."

Na ilikuwa kweli. Mama alikuwa amesimama mlangoni na stika mkononi, na ubao ule mweupe, laini, ulikuwa unaisubiri kama umeagizwa. Hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa na huruma, na kucha yake ilishaanza kutafuta pembe ya karatasi ya nyuma.

"Shuka tu, mama'angu," akasema. "Si kitu. Umejaribu. Mwakani."

Kutoka kwenye stuli mpaka chumbani kwake zilikuwa hatua saba. Kimya alizihesabu. Mwaka mwingine wowote angeshakuwa amezipiga zote, na mlango amefunga, na kichwa kiko chini ya mto. Akamtazama baba. Baba hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unatetemeka, ameushika kwa wa kushoto kama anavyoshikwa mtoto asikimbilie barabarani.

"Mama, subiri. Usibandue."

Sauti ilitoka kubwa. Sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote. Hata mwenyewe alitaka kugeuka aone ni nani aliyesema.

"Nileteeni kisu cha kukwangulia. Na msasa."

Aliyekwenda kuvileta ni baba mwenyewe, mbio ndogo ndogo, kandambili zinapiga kelele. Akampa kisu, msasa akauficha nyuma.

"Msasa bado. Rangi ni mbichi, itaujaza uwe gundi. Kwangua kwanza. Laza kisu. Laza zaidi. Hivyo."

Rangi ikaanza kutoka, inajikunja mikanda mikanda, inaanguka juu ya waumini.

"Mwanangu, nimesuka juzi!" Mama Pacha akapiga kelele, lakini hakusogea. Hakuna aliyesogea. Kinyozi alikwenda kwake, watu wakadhani amechoka, kumbe amefuata kiti. Chini ya nyeupe ikatokea rangi ya maziwa, chini ya hiyo kijani ya zamani, ya mpangaji ambaye hakuna anayemkumbuka, na chini ya kijani mbao yenyewe. Ikapita karibu nusu saa. Mabega yalimwaka moto. Kisha baba akampa msasa, naye akasugua duara, duara, mpaka vumbi likamfanya apige chafya mara tatu na uani wote ukasema afya.

Ubao ukawa mbaya ajabu. Ulifanana na goti la mtoto aliyeanguka akicheza. Kimya akapitisha kiganja. Ulikuwa na meno.

"Uzi," akasema.

Hapo baba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kila mwaka aliandika kwa jicho tu, lakini mwanafunzi anapiga uzi, ndivyo ilivyo. Akautoa mfukoni, akausugua kwa chaki iliyobarikiwa, akashika ncha moja kwa kushoto. Ncha ya pili ilihitaji mtu. Mama akaiweka stika juu ya dirisha, kwa heshima, isikunjike, akaja akashika ncha ya pili. Wakauvuta ukakaza, mume huku, mke huku, na binti yao katikati akauvuta kwa vidole viwili kama upinde na kuuachia.

Tap! Mstari mweupe, mnyoofu. Wakashusha, tap, wa pili.

Sasa kazini kwao chaki ni rasimu. Unachora kwa chaki, rangi inakuja kusema kweli, na chaki inafutwa kwa kitambaa, hakuna anayejua ilikuwepo. Mlangoni ni kinyume. Hapa chaki ndiyo neno lenyewe, hakuna kinachokuja juu yake kuificha. Ukitetemeka, umetetemeka mbele ya mwaka mzima.

Kimya akaandika 20. Shingo ya bata ikatoka.

Halafu ule msalaba wa kwanza. Na nyumbani kwao misalaba haichorwi kimya. Ni minne, na wao ni wanne, kwa hiyo kila msalaba una mwenyewe, na mwenyewe anasema anamwombea nani.

"Wote wanaotoka hapa asubuhi kwenda kutafuta," baba akasema kwenye wa kwanza. Wote uani wakaitikia amina.

C. Akaivuta kwa pumzi moja, tumbo mbele, mdomo wazi.

"Wote watakaogonga mlango huu," mama akasema kwenye wa pili. "Hata wanaokuja kukopa chumvi." Mama Pacha akaitikia amina kuliko wote.

M. Mguu wa kwanza, mteremko, mpando, mguu wa pili.

"Pumua," baba akasema. Hilo tu.

Akapumua. Akachora msalaba wa tatu, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu wa tatu ni wa kaka. Mwaka uliopita mama alikuwa ameusemea haraka haraka, kama anayefunika sufuria. Mwaka huu mama alifungua mdomo, na baba akawahi.

"Aliye mbali na mlango huu," akasema. "Kazi ya mikono yake ibarikiwe. Kazi yake yoyote."

Mama aliitikia amina lakini haikusikika vizuri, alikuwa ameinamisha uso kwenye kitenge.

B. Na msalaba wa nne, ambao miaka yote Kimya aliusema kwa midomo tu, watu wakaitikia amina kwa kukisia.

"Mkono wa baba," akasema. Mpaka Kinyozi kule kwenye kiti chake alisikia.

Akaandika 26, akashuka.

Baba akarudi nyuma mpaka katikati ya uani, kama anavyofanya na mabango ya watu, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo. Watu wakangoja. Hata kuku wa jirani wangekuwa na adabu wangengoja.

"B imekaa chini kidogo," akasema.

Kimya akaitazama B.

"Nyingine," baba akasema, akafumbua jicho, "nisingezigusa. Hata mkono ukipona, nisingezigusa." Na akageuka upande wa jirani ghafla, akaanza kumwuliza Kinyozi mambo ya bei ya wembe, kwa sauti nzito isiyo yake.

Wakaingia ndani chini ya maandishi, mmoja mmoja, wakitazama juu. Mama alipopita aligusa fremu kwa vidole. "Huo ubao lakini," akasema. "Kesho nitafute rangi nipake pembeni, tufiche hayo makwaruzo."

"Usiguse," baba akasema. "Waone palipokwanguliwa. Wakiuliza, tutawaeleza."

Mama Pacha alikuwa bado nje, amejishika kiuno. "Sasa Fundi, na kwangu? Au sisi wa nyumba ya pili tubarikiwe mwezi wa sita?"

"Usiniulize mimi," baba akasema. Akanyoosha mkono, ule wa kulia, ule unaotetemeka, mbele ya watu wote bila kuuficha, akamwonyesha binti yake. "Fundi ni yule."

Kimya aliandika milango mitano jioni ile. Kwa Mama Pacha aliulizwa kama anaweza kuongeza ua kidogo, akasema hapana, kwa mdomo wake. Kwa Kinyozi alikuta amepangusa fremu mpaka inameta, akaogopa, akaigusa, ikawa mbao kavu, akashukuru Mungu. Baba alitembea nyuma yake amebeba stuli kwa mkono wa kushoto na uzi begani, na kila aliyepita njia na kuuliza kinachoendelea alijibiwa kabla hajamaliza swali: "Binti yangu anaandika milango." Aliwajibu hata ambao hawakuuliza. Alimjibu muuza maji, ambaye alikuwa anaulizia geti.

Waliporudi, mama alimpa simu yake. "Mpelekee kaka yako picha. Mimi nikiandika nitaharibu, nitaanza kumlaumu bure."

Kimya akapiga picha ya mlango wao, wote, na ubao wake uliochubuka kama goti na herufi zake. Baba alikuwa anavua viatu, ameinama.

"Mwambie," akaanza. Akavua cha pili. "Mwambie stika yake ni kazi safi. Kingo hazina hata jino moja. Mwambie nimesema mimi."

Kimya akaandika, akafuta, akaandika tena. Hakuwa na tabia ya kujisifu, lakini alipofika kwenye sentensi ya pili vidole vyake havikusita.

"Kaka, ni mimi Kimya, kwa simu ya mama. Mlango nimeandika mimi, kwa chaki, na ya majirani watano. Baba alishika uzi. Kwenye msalaba wako amesema yeye mwenyewe, ameombea kazi yako. Amesema pia stika yako ni kazi safi, kingo hazina hata jino moja. Njoo uone. B imekaa chini kidogo."

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu karibu papo hapo. Juu ya kioo pakaonekana kwamba anaandika. Pakatulia. Anaandika tena. Pakatulia.

Mama akaita watu mezani. Kimya akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, kioo kikiwa upande wa baba, na wakala wote watatu wakiitazama, na mpaka sahani zinaondolewa kaka alikuwa hajajibu.